Fundi Anajibu: Gari lenye kilomita chache na freni za kizee

Mwezi huu barua nyingi ni za magari yaliyolala. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nilikwenda kuliona gari lenyewe. Wasomaji wa ng'ambo ya mpaka wanivumilie: sisi huku tunasema freni, ninyi mnasema breki, amortisa zetu ni shokapu zenu, plaketi zetu ni pedi zenu. Kitu ni kimoja.

*

*Jambo Baba Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninakaa Bel-Air, komini ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mtoto wangu yuko Liège. Mwaka jana alinitumia Fiat Ducato ya 1997, ile wanayoita kampingikari: ndani kuna vitanda, jiko la gesi, hata sinki ya kunawia. Ilishuka melini Dar es Salaam, dereva akaileta kwa barabara mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ilipotoka Ubelgiji ilikuwa na kilomita 41,000 tu, na kila mtu ananiambia nimepata gari mpya. Lakini nikikanyaga freni inavuta kushoto. Nyuma kunanuka kama kitu kinaungua, na kwenye mashimo inagonga ko! ko! Kijana fundi wa mtaani amefungua gurudumu moja, akaona plaketi nene, akasema freni ziko sawa, shida ni barabara. Likizo kubwa nataka kupeleka wajukuu Mwadingusha. Nimwamini?*

Jambo Mama. Usimwamini. Wala simtukani huyo kijana, maana kosa lake nililifanya mimi kabla yake, tena nikiwa nimeshaota mvi.

Ilikuwa minibasi ya misheni moja, mbali na hapa mjini. Ilikaa miaka tisa chini ya mwembe, saa ya kilomita inasoma 23,000. Wakaniita niiamshe. Niliweka betri mpya, nikamwaga mazutu (dizeli) ya zamani, nikafungua gurudumu la mbele, nikaona plaketi nene kabisa, nikafunga. La nyuma sikulifungua. Skrubu ya tamburi, lile duara la chuma linalofunika freni ya nyuma kama ngoma, ilikuwa imeshikwa na kutu, na jua lilikuwa linazama. Kesho yake, kwenye mteremko, gurudumu la nyuma la kulia likajifunga ghafla, minibasi ikasimama ubavu katikati ya barabara kama mbuzi aliyekataa kamba. Hakuna aliyeumia. Nilipoivunja ile skrubu, garnitiri, ile bitana inayosugua tamburi, ilidondokea mkononi mwangu. Ilikuwa nzima, nene, haijalika hata milimita moja. Kutu ilikuwa imejipenyeza kati yake na chuma inachogandishwa, ikavimba kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, mpaka gundi ikaachia. Masista walinilipa pesa yangu yote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Gari lina saa mbili, Mama. Moja inahesabu kilomita, na hiyo inakula plaketi, disiki, klachi. Ya pili inahesabu miaka. Hiyo haina mshale mbele ya dereva. Inakula mpira, mafuta ya freni, grisi, na kila chuma ambacho hakijapakwa rangi. Taksi ya hapa inamalizwa na saa ya kwanza. Gari lako, kwa miaka 27, lilitembea kama kilomita 1,500 kwa mwaka. Saa ya kwanza imelala usingizi, ya pili haikulala hata usiku mmoja. Halafu ghafla, baada ya maisha hayo ya kustaafu, linateremshwa bandarini na kukimbizwa karibu kilomita 2,000 kwa siku chache, likipanda mlima Kitonga, likivuka Zambia nzima, nyuma ya malori. Lilichotembea juma lile linazidi mwaka wake mzima wa kawaida.

Na kuna jambo la pili ambalo kampingikari haishirikiani na gari lingine. Pikapu ya mchuuzi ikipakuliwa jioni, lamu zake, zile springi za vyuma bapa zinazobeba mzigo, zinapumzika usiku. Gari lako halipakuliwi. Kabati, vitanda, jiko, friji, tangi la maji, vyote vimo humo usiku na mchana, liwe linatembea au limesimama. Mengi ya magari haya yanaruhusiwa uzito wa kilo 3,500, na ukishaongeza watu na maji unakuwa umeukaribia au umeupita. Lamu zako zimebeba mzigo kamili kwa miaka 27 bila siku ya mapumziko. Hapo kilomita hazina la kusema.

Sasa nikueleze nilichokiona Jumamosi, maana mlikuwa mnanipikia chai na sikuweza kueleza vizuri huku nimelala chini ya gari.

Nilianza na tairi. Zina meno mazuri, ndiyo maana kila mtu anazisifu. Lakini ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne: 3209. Maana yake zilitengenezwa juma la 32 la mwaka 2009. Ukiukunja ule mpira kwa kidole unaona nyufa kama udongo wa kidimbwi kilichokauka. Tairi ya namna hiyo haitoboki, inapasuka, tena inapasuka ikiwa imebeba mzigo na lami ina moto. Hizo usiziendeshe hata kwenda sokoni.

Kisha nikapima kwa utepe, kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa bodi. Kushoto ni sentimita nne chini ya kulia. Uliniuliza kwa nini, nikakuonyesha: jiko liko kushoto, mitungi ya gesi kushoto, tangi la maji kushoto. Aliyelipanga alifikiria mapishi, hakufikiria lamu. Ko! ko! unayoisikia ni gari kukalia chuma, kwa sababu ile mipira ya kuzuia, inayokaa juu ya ekseli, imebaki unga. Na amortisa za nyuma zimelia mafuta mpaka zimekauka. Watu wengi wanapima amortisa kwa kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyoruka. Kwa gari dogo, sawa. Kwa kampingikari ni kujidanganya, hata amortisa iliyokufa haiwezi kuonekana kwa uzito wa mtu mmoja. Angalia kama mwili wake umeloa mafuta na vumbi limegandia, na upapase tairi kwa kiganja: ikiwa ina mabonde na vilima, gurudumu limekuwa likirukaruka barabarani.

Kuvuta kushoto. Hapa ndipo yule kijana alipodanganywa, na ninamwelewa. Alifungua gurudumu la kushoto, ambalo ni zima. Ugonjwa uko kulia. Etriye, lile bano linaloshika plaketi, linateleza juu ya pini mbili zenye grisi. Grisi ya pini za kulia imekuwa gamu. Pistoni inasukuma plaketi ya ndani, lakini bano haliwezi kurudi kuivuta ya nje. Kwa hiyo ya ndani imebaki milimita mbili, ya nje ni kama mpya, na upande wote wa kulia unashika kwa uvivu. Ukikanyaga, kushoto kunafanya kazi ya wawili, gari linakwenda huko. Na hata kama angefungua kulia, angeona ile ya nje kwanza, maana ndiyo inayoonekana. Ukitaka kujua ukweli wa plaketi, tafuta ya ndani, kwa kioo kidogo na tochi ya simu.

Disiki zenyewe zina pete ya kutu pembeni, plaketi inagusa katikati tu. Kwenye kitovu cha disiki kuna maandishi MIN na namba ya milimita. Tulipima, bado hazijafika huko, lakini kutu imekula mashimo. Ningezibadilisha.

Harufu ya kuungua ni nyuma kushoto. Nilipoinua kwa kriki (jeki), gurudumu lilikataa kuzunguka. Hapo kuna jaribio moja ninalolipenda, na mafundi wadogo walikate wabandike ukutani: fungua skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye gurudumu lililokwama. Likiachia, presha ilikuwa imefungiwa huko juu, na mara nyingi mkosaji ni flekisibo, ule mpira unaopeleka mafuta. Kwa nje unaonekana mzuri, kwa ndani umevimba mpaka njia imekuwa kama tundu la sindano: mguu wako una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite, lakini hayana nguvu ya kurudi yenyewe. Lisipoachia, tafuta kwenye vyuma. Lako halikuachia. Nikalegeza kebo ya freni ya mkono, likazunguka. Kebo imeota kutu ndani ya ala yake. Kule kwa mwanao wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na bila shaka mtu aliliegesha miezi mingi na freni ya mkono imevutwa. Umelileta gari kutoka Dar mpaka Lubumbashi na freni moja imeshikilia njia nzima! Tamburi limegeuka rangi ya samawati kwa moto.

Nilimkataza kijana wako kupuliza vumbi la tamburi kwa kompresa. Si ukali wa bure. Garnitiri za zamani zilitengenezwa kwa amianti (asbesto), na vumbi lake linaharibu mapafu bila kuonekana. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1997, Umoja wa Ulaya wote kufikia 2005. Gari la kabla ya hapo lichukulie kuwa nayo: lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa ndani ya mfuko.

Sasa pesa. Ukiniambia unazo za kila kitu, sitakuamini, wewe ni mwalimu. Kwa hiyo anza na tairi nne, flekisibo zote na mafuta ya freni mapya. Kisha pini na mipira ya etriye zote mbili, pamoja na disiki na plaketi za mbele. Freni hazibadilishwi upande mmoja. Kisha nyuma: garnitiri, silinda ndogo za ndani ya tamburi, kebo. Amortisa zije jozi. Silembloki, ile mipira inayoshika mikono ya mbele, zimeanza kupasuka, zinaweza kusubiri miezi michache. Lamu ziwe za mwisho. Kwa sasa hamisha mitungi ya gesi upande wa kulia na usijaze tangi. Lita 100 za maji ni kilo 100, na maji mtayapata njiani, Likasi.

Vipuri vya Ducato hapa ni shida, nakubali. Lakini Peugeot Boxer na Citroën Jumper za miaka hiyo ni gari lile lile lenye jina jingine, kwa hiyo ulizia kwa majina yote matatu. Tahadhari: zenye gurudumu la inchi 15 na zile nzito za inchi 16 hazitumii freni sawa. Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi, kwenye mfuko wa plastiki. Picha ya simu imenipotezea safari nyingi.

Mkimaliza, msiende Mwadingusha moja kwa moja. Nenda Kipushi urudi, ukikanyaga taratibu ili plaketi zizoeane na disiki. Simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Magurudumu mawili ya mbele yapate joto sawasawa, na ya nyuma vivyo hivyo. Moja likiwa na moto peke yake, niite. Na siku mkiwa mmepakia kila kitu, omba kupita kwenye mizani ya malori ya madini, mbele kwanza kisha nyuma, usome kilo za kila ekseli. Mji huu una mizani kila upande, wakubwa wanapima shaba, nasi tupime vitanda.

*

*Fundi, mimi ni kijana wa Ruashi, nina Peugeot Boxer ya zamani niliyoigeuza jikoni, nauza kuku na viazi. Nyuma ilikuwa imelala, nikaongezewa lamu mbili za lori. Sasa imesimama vizuri lakini freni zimebadilika. Mbele zinatoa moshi na nyuma ni kama hazipo. Fundi wangu anasema lamu na freni havihusiani.*

Leki, mdogo wangu, vinahusiana, kuna hata fimbo inayoviunganisha. Ingia chini ya gari, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Utaona kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu ndogo yenye mabomba ya freni. Hiyo valvu ni mpimaji wa mzigo. Gari likiwa zito, nyuma inashuka, kifimbo kinasukumwa, valvu inaruhusu freni za nyuma zipate presha nyingi. Gari likiwa tupu, nyuma inapanda, valvu inabana ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kukupeleka mtaroni.

Wewe umeinua nyuma kwa lamu za lori. Valvu inaona nyuma iko juu, inasema: gari tupu. Kumbe ndani kuna friji, jiko, mafuta ya kukaangia, na mitungi miwili ya gesi. Mbele kunasimamisha uzito wote peke yake, ndiyo maana kunafuka moshi. Ukiniuliza mimi, toa hizo lamu mbili, upeleke zako za asili kwa mhunzi anayejua kuzikunja upya, au utafute za Boxer nzito. Ukikaidi, basi angalau kifimbo kirekebishwe kulingana na kimo kipya, kwa kupima presha, si kwa macho. Na kwanza hakikisha valvu yenyewe inacheza. Kwenye magari yaliyokaa sana nimezikuta zimeganda kwa kutu. Unaweza kubadilisha freni zote za nyuma na usipate chochote.

*

*Mimi ni baba wa Kipushi. Kibuyu cha mafuta ya freni kilikuwa chini, dereva akaongeza mafuta ya usukani kwa sababu yalikuwa na rangi nzuri. Pedali imekuwa ngumu. Nimwage tu?*

Papa, usiwashe hilo gari. Mafuta ya usukani ni ya petroli, yaani yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na mipira ya freni ikiyanywa inavimba kama maharagwe yaliyolowekwa. Kumwaga hakutoshi: mipira yote, kuanzia pompi kuu mpaka magurudumuni, itoke, mabomba yasafishwe kwa spiriti, ndipo uweke mapya.

Siku nyingine mkiwa na shaka, chukueni kidogo kutoka kwenye kibuyu mtie ndani ya glasi ya maji. Mafuta halisi ya freni, DOT 3 au DOT 4, yanachanganyika na maji. Ya petroli yanaelea juu. Glasi hiyo isirudi jikoni.

Kwa sababu hayo mafuta yanapenda maji, yanayavuta hata kutoka hewani, gari likiwa limesimama. DOT 4 mpya haichemki kabla ya digrii 230. Ikishanywa maji inaruhusiwa kushuka mpaka 155. Freni za gari zito kwenye mteremko mrefu zinafika huko, mafuta yanageuka mvuke, na pedali inakwenda chini bila kushika. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari halikutoka uani. Na usinunue yaliyofunguliwa, yaliyomiminwa kwenye chupa ya maji.

*

*Nimeonyeshwa kampingikari mbili Kasumbalesa, moja imetoka Ubelgiji. Niangalie nini kabla ya kulipa?*

Ya Ubelgiji, uliza karatasi ya Car-Pass; tangu mwisho wa 2006 huko huwezi kuuza gari kuukuu bila hiyo, nayo inaandika kilomita zilivyosomwa mwaka hadi mwaka. Usitafute udanganyifu tu. Tafuta miaka ambayo namba haikusogea, kwa sababu huko ndiko freni zilikoozea. Kisha inama nyuma. Ukikuta hakuna lamu, bali bomba nene la chuma limepita toka upande hadi upande, huenda ni ekseli ya AL-KO. Zile za zamani zina vichuchu vya grisi, na zinataka kupigwa grisi kila mwaka au kila kilomita 20,000. Kama vichuchu vimefunikwa na rangi au tope la miaka, hakuna aliyewahi kuvigusa. Punguza bei au ondoka.

Ukishalinunua, ukiliegesha kwa muda mrefu, liache kwenye gia, weka mawe magurudumuni, freni ya mkono uiachie. Na kila mwezi litoe, ulikimbize, ukanyage freni mara kadhaa kwa nguvu.

*

Na wewe wa Katuba, uliyenipigia mara tatu kuuliza kama unaweza kununua zile tairi za Mama Mwalimu kwa sababu meno yake ni mazuri: umechelewa. Nilizikata kwa msumeno Jumatatu, na mzee jirani yangu ameshazigeuza kandambili. Kama unavaa namba 42, amebakiza jozi mbili.